Mtakatifu kwenye Mfuko wa Suruali

Mfupa wenyewe ulikuwa mdogo kuliko kifungo cha shati. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni fundi cherehani, na kila kitu duniani nakipima kwa vifungo. Nilipanga mstari siku ya Alhamisi tangu saa moja asubuhi nje ya kanisa letu hapa Mpanda, nikasogea hatua moja moja kama ng'ombe anayekwenda josho, na nilipofika mbele nikakuta kisanduku cha kioo. Ndani yake kilisimama kitu cha dhahabu kama jua lenye miale, na katikati ya jua hilo, punje nyeupe. Mama mmoja mwenye sare ya kanisa akaninong'oneza, "Gusisha kitambaa, sali, songa."

Nikagusisha. Nikasonga. Kusali nilisahau, maana nilikuwa nimeduwaa kuona mtakatifu alivyopungua.

Yalikuwa masalia ya sista mmoja wa zamani aliyeuguza wagonjwa mpaka ugonjwa wao ukamchukua na yeye. Yalikuwa yakizungushwa parokia kwa parokia, na kwetu yalilala usiku mmoja tu, kisha yakaendelea na safari kuelekea Sumbawanga. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu mama yangu, aliyenituma, hakulitumia hata mara moja. Alimwita "yule Sista", kama mtu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Mama yangu na watakatifu wanaelewana tangu zamani. Mimi nilizaliwa Kapalamsenga, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na hadithi alizotulalishia hazikuwa za sungura na fisi. Zilikuwa za kidole. Alisema chini ya jiwe la altare, kwenye kanisa la zamani lililojengwa na wamisionari, kimezikwa kidole cha mtakatifu aliyeuawa kwa ajili ya imani. Ziwa likikasirika, kidole kinagonga jiwe mara tatu, na wanawake wakisikia wanapiga kengele ili mitumbwi irudi. Kuna mwizi aliyeiba kinara cha mishumaa, kidole chake mwenyewe kikakauka wima, akawa anaelekeza watu kwake bila kutaka, mpaka akarudisha. Hadithi hiyo niliipenda kuliko zote. Nilikuwa nachungulia vidole vya watu wazima, nione nani hakunji.

Nikiwa na miaka tisa nilijipenyeza kanisani siku ya kazi, nikalala kifudifudi, nikaweka sikio kwenye jiwe. Ngo, ngo, ngo. Nilitoka mbio nikilia kwamba ziwa linaua. Akina mama waliacha dagaa juani, wakashuka pwani na vilio. Ziwa lilikuwa limetulia kama chai kikombeni. Katekista alikuwa anagongelea mguu wa benchi chumba cha pili.

Fimbo nilizopata sikuzihesabu. Ila najua tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kukaa nyumbani.

Sitanii. Nilikuja Mpanda kusoma sekondari, nikamaliza kidato cha nne na cheti ninachokitunza bahasha moja na patani za karatasi za kukatia kola, nikanunua cherehani, nikaiweka barazani Kawajense, na hapo nimebaki. Hata Shanwe, mtaa wa hapa hapa mjini, kwangu ni safari. Mke wangu husema nyumba ikiungua mimi nitaombwa na zimamoto nisogee. Ziwani sikuwa nimekanyaga miaka sita. Mama ndiye alikuwa anakuja, kila baada ya mavuno, na furushi la samaki aina ya migebuka waliokaushwa, mpaka macho yalipoanza kumfanyia ukungu. Mtoto wa jicho, walimwambia. Jicho la kushoto limefunga kabisa, la kulia linafuata.

Basi mdogo wangu wa mwisho, anayekaa naye, akanipigia simu. Madaktari wa macho wangefika kituo cha afya kwa siku mbili, kuanzia Jumanne. Wanapasua, wanaweka kioo kidogo, kesho yake unaona. Jina la mama limeandikwa. Tatizo ni mama mwenyewe. Akapewa simu.

"Baba, shikamoo yako unaipata hata kama mimi ndiye mama," alianza. Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake, na kwa sababu anapenda kunisuta.

"Shikamoo, mama. Nasikia unawakatalia madaktari."

"Sijakataa. Nimesikia redioni kwamba yule Sista anakuja huko kwenu. Nakutumia kitenge changu. Ukigusishe, ukirudishe kabla ya Jumanne. Nikikishika mkononi, wapasue watakavyo. Nisipokishika, siendi. Jicho ni langu."

"Mama, kanisa lenyewe linasema hatuabudu mifupa..."

"Nani kakwambia niabudu? Wewe ukipigwa sindano hushiki mkono wa mkeo?"

Hilo ni kweli, na nilijiuliza nani alimwambia.

Kitenge kikafika kwa mkono wa kondakta wa basi, kimefungwa kwenye mfuko wa rambo pamoja na dagaa. Ni cha buluu chenye ndege wa njano, kimepauka. Ndicho alichombebea huyo mdogo wangu wa mwisho, kwa hiyo kilifuliwa mikojo mingi kabla hakijafikiria utakatifu. Lakini kanisani walitangaza: vitambaa visizidi ukubwa wa leso, foleni ni ndefu. Nikakata pembe moja, kipande cha leso, nikakikunja pindo haraka haraka maana kengele ya kwanza ilishapigwa. Kitenge kilichobaki nikakitundika msumarini.

Katika mstari, nyuma yangu alikuwepo bibi mmoja kutoka Katumba, wa zile familia zilizotoka Burundi miaka ile. Yeye alibeba leso kumi na moja, moja kwa kila mjukuu, zimefungwa kwa uzi. Akanisimulia kwamba kwao kulikuwa na kitambaa kama hicho kilichovuka mpaka ndani ya kibuyu cha maziwa, na maziwa hayakuganda siku tisa.

"Bibi, maziwa yasiyoganda si shida hiyo? Watu wanataka mtindi," nikamchokoza.

"Nyie vijana wa mjini, ndiyo maana hamponi," akajibu.

Mbele kidogo mtu alimuuliza padri kama kitambaa kikishagusishwa kinaweza kufuliwa. Padri akacheka, akasema baraka haikai kwenye uchafu, ila yeye asiulizwe habari za sabuni. Nililisikia jibu hilo kwa sikio moja. Baadaye nililitafuta kwa yote mawili.

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Mimi, mtu wa barazani, nimegusa. Nikaweka kile kipande upande wa kulia wa meza ya cherehani, nikisema baada ya chai nitakifunga kwenye bahasha. Kabla ya chai akaja mteja wangu wa siku nyingi, Mwislamu, mfanyabiashara wa dagaa, anayekaa Kapalamsenga na kuleta mzigo Mpanda kila wiki. Suruali yake ya kaki ilikuwa imetoboka mfuko wa kulia kwa ndoana.

"Fundi, gari langu linaondoka saa nane. Nitilie mfuko mwingine."

"Kaa hapo. Unajua leo nimetoka wapi?"

Na nikamsimulia. Nilimsimulia foleni, jua la dhahabu, punje nyeupe, bibi wa leso kumi na moja. Mdomo ulikuwa unahubiri, mguu unakanyaga, mkono unafanya kazi yake. Sasa, mkono wa fundi una dhambi moja: haupendi kipande cha kitambaa kilichokaa bure. Ukiwa na kipande cha ukubwa wa leso, kilichokwishakunjwa pindo, ukakikunja mara mbili na kukipiga mshono pande mbili, umepata mfuko kamili. Hakuna mtu anayeutazama mfuko kwa ndani. Nimetia ndani ya suruali za watu mapazia, mashuka, sare za shule na bendera za kampeni.

Jamaa akavaa, akatia mkono mfukoni, akasema umekaa vizuri. Akaniambia hadithi yangu ni nzuri, ila mfupa wa ukubwa wa kifungo asingeusimamia foleni tangu saa moja. Akaondoka.

Nilianza kutafuta kitambaa saa kumi. Nilikung'uta vipande vyote. Nilifungua cherehani, kana kwamba kimejipenyeza humo. Mke wangu akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Baba watoto, unatafuta nini?"

"Kitambaa cha mama."

"Si hicho msumarini?"

"Hicho ni kitenge. Natafuta kitambaa."

Ndipo macho yangu yakatua chini, kwenye ule mfuko uliotoboka niliokuwa nimeubandua na kuutupa. Nikakaa kwenye stuli. Niliona wazi kabisa ndege wa njano akiingia chini ya sindano.

Nilimweleza. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu alimkumbuka mama. Nikampigia yule jamaa, hapatikani. Njia ya ziwani ina vilima ambako simu ni redio tu. Nikapigiwa mimi, na mama.

"Kitambaa kipo?"

"Kipo, mama."

"Kiko wapi?"

"Kiko njiani," nikasema, na Mungu ni shahidi kwamba sikusema uongo.

Jioni hiyo nilifanya jambo ninaloliandika kwa aibu. Nilikishusha kile kitenge msumarini, nikakata pembe ya pili. Kipande kile kile, ndege wale wale. Nikakikunja pindo polepole, safari hii pindo nyembamba iliyonyooka kama reli. Mama haoni. Kitenge ni chake. Masalia yalikuwa yameshaondoka mjini. Nani angejua? Nilikuwa nimeshachukua bahasha, mke wangu akiwa ananitazama bila kusema neno, na mke wangu akinyamaza ujue kuna hesabu inapigwa.

"Sema tu," nikamwambia.

"Mimi sina la kusema. Nawaza tu, kisu kikiwa jichoni, atakuwa ameshika nini."

Nikaiweka bahasha chini. Ni kweli mimi siaminiamini sana. Sijui kama punje ile inaona, inasikia, inaombea. Lakini mama alikuwa anakwenda kulala chini ya kisu akiwa ameshika kitu kimoja tu, na kitu hicho mimi ndiye niliyetumwa kukileta. Nikasema: nitakwenda ziwani, nitaishusha suruali ya mtu, nitakirudisha. Mke wangu akaniuliza nitavaa viatu gani. Hakuwahi kuniona na viatu vya safari.

Ijumaa sikupata gari; Jumamosi alfajiri nilipanda fuso linalokwenda kuchukua samaki, nikiwa nimebeba sindano, uzi, mkasi na kile kipande cha uongo. Mbung'o walinipokea kama ndugu waliyemkosa miaka sita. Dereva aliniuliza kama naenda msibani, nikamwambia bado. Mara mbili lori lilisimama kwenye matope na mara mbili moyo wangu ulisema rudi nyumbani, na mara mbili nilishuka kusukuma. Nilifika Kapalamsenga jua limeanza kuinama, nimekuwa rangi ya barabara.

Sikwenda kwa mama. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mchanga wanakoanika dagaa, nikamkuta jamaa amevaa kikoi, anageuza mzigo wake kwa reki.

"Fundi!" akapiga kelele. "Nani kafa?"

"Suruali iko wapi?"

"Salamu kwanza, ndugu yangu. Unafika ziwani baada ya miaka, unauliza suruali ya mwanamume?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamvuta pembeni, nikamweleza. Alisikiliza mdomo wazi. Halafu akakaa chini mchangani, akashika tumbo.

"Yaani jana nimeswali Ijumaa, nimesimama safu ya pili, na sista wenu yuko mfukoni mwangu?"

"Samahani sana."

"Samahani ya nini? Ungeniambia, ningesogea safu ya kwanza." Akajifuta macho. "Ndiyo maana jana mzigo umeisha kabla ya adhuhuri. Nikasema, leo kuna nini? Mke wangu ni shahidi."

"Usianze na wewe."

"Naanza. Nyie mna kidole kinachogonga, mimi nina mfuko unaouza dagaa."

Hadithi huzaliwa hivyo, nimeona kwa macho yangu. Hata jua halijazama, kijana wa jirani alishamweleza mwenzake kwamba mfuko ule ulijijaza dagaa wenyewe.

Suruali ilikuwa kwenye kamba. Imefuliwa. Nilisimama mbele yake nikatazama maji yakidondoka. Mkewe akatoka, akasema ameifua ziwani kwa sabuni ya unga, akausugua sana mfuko kwa sababu ulinuka dagaa. Nikauliza, bado unanuka? Bado. Hilo kidogo lilinipa moyo: kama dagaa hawakutoka, huenda na Sista hakutoka.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yake nikafumua. Mshono kwa mshono, taratibu, bila kukata uzi karibu na kitambaa. Kisha nikachukua kile kipande cha uongo, chenye pindo iliyonyooka kama reli, nikamshonea mfuko mpya kwa mkono. Jamaa alinisimamia kama mkaguzi.

"Kwa hiyo mimi nabaki na kile kisicho na baraka."

"Kina baraka ya kushonwa vizuri. Tazama pindo ya hiki cha mama, imekwenda upogo."

"Basi mtakatifu hana haja na fundi mzuri," akasema, na akanipa dagaa wa kumpelekea mama.

Mama alikuwa ameketi mlangoni kwa mdogo wangu, uso umeelekea ziwa asiloliona vizuri. Akasikia hatua.

"Huyu ni nani anayetembea kama miguu ameazima?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Halafu akanyoosha mkono, si kunishika mimi, bali kukitaka kitambaa. Nikampa. Akakipapasa. Vidole vya mama vilishona kwa mkono miaka yote kabla sijazaliwa; vilipita kwenye pindo, vikakuta matundu ya sindano pande mbili, vikasimama. Akakipeleka puani.

"Kimeshonwa mahali," akasema. "Na kinanuka dagaa. Baba, kitambaa changu kilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema neno lolote. Nilisema lote. Foleni, mdomo wangu, mkono wangu, mfuko, safu ya pili, sabuni ya unga, kipande cha pili nilichokikata. Mdogo wangu alijifunika uso kwa khanga. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Umekata kitenge changu mara mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Hicho ndicho kinachoniuma." Akakifunga kitambaa kwenye kiganja. "Sabuni nayo! Mimi nilibatizwa kwa maji ya hilo hilo ziwa. Kama maji yanatoa utakatifu, padri alinifanyia nini? Na huyo mwenye suruali, kamwombe samahani mkewe kwa kumsumbua. Jumanne tunakwenda."

Jumanne tulikwenda. Muuguzi alimwambia asiingie na kitu mkononi, ni sheria ya usafi. Mama akaanza kushuka kitandani, taratibu, akipapasa kandambili zake kwa mguu.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Jicho nimelisahau huko."

Muuguzi akanitazama mimi. Nikatazama dari; huyo ndiye mama yangu, na mimi nilishasafiri kilomita zote hizo kwa amri yake na sikuwa tayari kuongeza nyingine. Mwishowe kitambaa kikatiwa kwenye glavu mpya, glavu ikafungwa fundo, mama akaishika hivyo chini ya shuka, akaingizwa. Nilibaki nje kwenye benchi. Nilijaribu kusali ile sala niliyoisahau kanisani. Niliisali yote, polepole, kwa sababu nilikuwa nadaiwa, na nilipoimaliza nikaanza tena.

Kesho yake asubuhi walimfungua bandeji. Daktari alimwonyesha vidole, mama akavihesabu kwa dharau, kama mtu anayeulizwa jina lake. Alimtazama mdogo wangu, akasema amekonda. Alinitazama mimi, akasema sijakonda. Kisha akapasua ile glavu kwa meno, akatoa kitambaa, akakileta karibu na jicho, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii pindo ni yako?"

"Yangu, mama. Kengele ilikuwa imeshapigwa..."

"Imepinda."

"Najua."

"Fundi wa miaka ishirini, unampelekea mtakatifu pindo iliyopinda."

Nikatoa mkasi na sindano mfukoni. "Nipe basi niifumue. Dakika tano, naikunja upya."

Mama akakitia kitambaa kifuani, ndani kabisa, akavuta khanga juu yake.

"Thubutu," akasema. "Hii ndiyo aliyoigusa."